Dubu barafu na hesabu ya kilo moja kwa siku

Barafu ya Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, ikishavunjika mwishoni mwa Juni au mwezi Julai, dubu barafu waliokuwa wakiwinda juu yake hurudi pwani na kukaa nchi kavu. Tangu siku hiyo kila mmoja hupungua takriban kilo 1 kwa siku, naye ataendelea kupungua mpaka bahari igande tena, Novemba au Desemba. Kilo hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala wote kuhusu hatima ya dubu hawa. Anayejua inatoka wapi, inatumikaje, na kwa nini chakula cha nchi kavu hakiwezi kuirudisha, ataona mwenyewe kwa nini dubu wa pwani moja wanapukutika huku wa pwani nyingine wakinawiri, na kwa nini hata sheria nzuri za uwindaji hazijitoshelezi.

Wengi hudhani joto lenyewe ndilo linalomuua. Joto humtesa kweli: amevaa manyoya mazito, na chini ya ngozi ana tabaka la mafuta linaloweza kufika sentimita 10. Akikimbia kwa muda mfupi tu, mwili huchemka kupita kiasi, ndiyo maana mwendo wake wa kawaida ni wa taratibu. Lakini barafu ikiondoka, kinachommaliza ni njaa. Barafu ndiyo uwanja wake wa kuwindia. Majini sili humwacha mbali, na nchi kavu karibu hakuna sili wa kukamata.

Mwili unaoendeshwa kwa mafuta

Jina lake la kisayansi ni Ursus maritimus, yaani dubu wa baharini, alilopewa mwaka 1774 na ofisa wa majeshi ya majini ya Uingereza, Constantine Phipps. Jina linamfaa. Ndugu yake wa karibu ni dubu wa kahawia, ambaye hula mizizi, matunda, samaki na mizoga. Huyu wa baharini alijitenga akawa mla mafuta. Dume mzima huwa na kilo 300 hadi 600, wengine zaidi. Jike hufika karibu nusu ya hapo. Ngozi yake ni nyeusi, na unywele mmoja mmoja hauna rangi kabisa. Weupe tunaouona ni mwanga uliotawanywa na manyoya. Ile habari inayozunguka kwamba nywele hizo husafirisha miale ya jua hadi kwenye ngozi, kama nyaya za kioo za mawasiliano, ilipimwa maabara miaka ya 1990 ikakutwa si kweli: mwanga hufifia kabla ya kufika mbali.

Dubu aliyeua sili, akiwa na nafasi ya kuchagua, hula ngozi na mafuta kwanza na mara nyingi huacha nyama kwa mbweha wa Aktiki na ndege. Ana sababu nzuri. Protini ikivunjwavunjwa mwilini huacha urea, na urea haitoki bila maji. Mahali ambapo maji matamu karibu yote ni theluji, kunywa maana yake ni kuiyeyusha theluji kwa joto la mwili, yaani kwa akiba ileile anayoitafuta. Mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa maji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 uligundua kuwa jeni iitwayo APOB, inayohusika na usafirishaji wa mafuta katika damu, imebadilika sana kwa dubu hawa. Kolesteroli yao iko juu kwa kiwango ambacho daktari wa binadamu angeshtuka, na moyo wao haudhuriki.

Majuma yanayolipa mwaka mzima

Chakula chake kikuu ni sili mwenye pete, akifuatiwa na sili mwenye ndevu ambaye ni mkubwa zaidi. Sili hao nao wanasimama juu ya mlolongo mrefu. Upande wa chini wa barafu huota mwani. Mwani huliwa na krasteshia wadogo, jamii ya kamba na kaa. Krasteshia huliwa na samaki mdogo wa Aktiki, Boreogadus saida. Samaki huliwa na sili. Kwa hiyo barafu ni uwanja wa kuwindia na pia ni shamba.

Sili mwenye pete hawezi kuishi bila kupumua hewa, basi huweka matundu kwenye barafu na kuyakwangua kwa kucha yasizibe, hata barafu ikifika unene wa mita 2. Dubu hulinusa tundu, hujilaza kando yake bila kutikisika, na sili akichomoza pua humnasa kwa meno. Kusubiri hakumgharimu sana. Kutembea humgharimu, na kuogelea zaidi. Barafu ikiwa imara na matundu yakiwa karibukaribu, faida iko kwake. Barafu ikivunjikavunjika na kupeperushwa na upepo, anatembea mbali kwa windo lilelile.

Mwezi Machi na Aprili sili jike huchimba kijipango ndani ya theluji, juu ya tundu lake, akazaa humo. Mtoto hunyonya maziwa mazito kiasi kwamba anapoachishwa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na bado hajui hatari. Dubu humnusa kupitia theluji, huinuka kwa miguu ya nyuma na kuangukia paa kwa ile ya mbele mpaka libomoke. Katika majuma haya ya masika, hadi barafu inapovunjika, dubu hujiwekea sehemu kubwa ya akiba atakayoishi nayo mwaka mzima.

Hesabu nyingi zinazofanywa kuhusu dubu huyu hukosewa hapa. Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, msimu usio na barafu umerefuka kwa takriban majuma 3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu akisikia hivyo huona ni majuma 3 tu kati ya 52. Lakini barafu ikiwahi kuvunjika, majuma yanayokatwa ni yale ya mavuno, na majuma hayohayo huongezwa kwenye mfungo. Dubu anaingia kwenye njaa akiwa mwembamba, na njaa yenyewe ni ndefu zaidi. Mvua za mapema huongeza balaa jingine, kwa kuwa hubomoa mapango ya sili. Watoto hubaki wazi na kufa kwa baridi au kuliwa mapema mno, na sili wa miaka ijayo wanapungua.

Gharama ya maisha haya ilipimwa vizuri mwaka 2018, katika utafiti wa majike 9 wa Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska na Kanada, waliovalishwa kamera na vipima mwendo mwezi Aprili. Ilibainika kuwa mwili wao huunguza nishati mara 1.6 zaidi ya ilivyodhaniwa: zaidi ya kilokalori 12,000 kwa siku. Ili kufidia, jike anahitaji sili mzima 1, au sili vijana 3, au watoto wachanga 19, kila baada ya siku 10 hadi 12. Zaidi ya nusu ya majike hao walipungua uzito katika siku chache za kipimo, na huo ulikuwa msimu wa neema.

Mfungo wa kiangazi

Zamani iliaminika kuwa kiangazi dubu barafu huingia katika aina ya usingizi huku akitembea: mwili hupunguza matumizi kama ule wa dubu anayelala majira ya baridi. Kama ingekuwa hivyo, siku chache za ziada zisingekuwa tatizo kubwa. Watafiti waliwafuatilia dubu wa Beaufort kwa vipima joto na mwendo, na mwaka 2015 wakatoa jibu: hakuna usingizi wa namna hiyo. Mwili wake hupunguza matumizi kama ule wa mnyama yeyote mwenye njaa, basi.

Je, asile mayai, matunda, mabata bukini na nyasi za pwani? Hula. Huko Svalbard, visiwa vya Norwei, dubu wameonekana wakimaliza viota vya ndege koloni zima kwa zima. Swali ni kama inalipa. Kati ya mwaka 2019 na 2022, dubu 20 wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson walipimwa kwa majuma 3 kila mmoja wakiwa nchi kavu. Wengine walilala karibu muda wote, wengine walizunguka wakila matunda na mizoga ya ndege, na baadhi waliogelea mbali baharini. Mmoja tu aliongezeka uzito. Waliobaki 19 wote walipungua, hadi kilo 1.7 kwa siku kwa baadhi yao, na waliohangaika kutafuta hawakutoka na nafuu ya maana kuliko waliolala. Kalori zilizopatikana ziliishia kwenye safari ya kuzitafuta.

Kuogelea nako si njia ya kutokea. Mwaka 2008 jike mmoja wa Beaufort aliyekuwa na ukosi wa setilaiti aliogelea siku 9 mfululizo, km 687, kutafuta barafu. Alipokamatwa tena miezi miwili baadaye alikuwa amepoteza asilimia 22 ya uzito wake, na mtoto wake wa mwaka mmoja hakuwepo.

Kuna hesabu iliyofanywa kwa madume wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson ambayo inafaa kukumbukwa. Mfungo wa siku 120 huua kwa njaa asilimia 3 hadi 6 ya madume wazima. Ukifika siku 180, huua asilimia 28 hadi 48. Siku zimeongezeka kwa nusu, vifo vimeruka mara kadhaa. Sababu ni kwamba akiba haimalizikii kwa wote siku moja: mwanzoni wanaanguka wachache waliokuwa wamedhoofu, kisha unafika wakati ambapo hata wenye afya ya kawaida wanafika chini ya chungu kwa pamoja.

Jike, mtoto na mizani

Idadi ya dubu huanza kuporomoka kwa kukosa watoto, muda mrefu kabla ya wazima kuanza kufa kwa wingi. Kujamiiana hufanyika masika, juu ya barafu. Yai lililorutubishwa hugawanyika kidogo kisha husimama, likielea ndani ya mji wa mimba bila kujishikiza hadi vuli. Wakati huo ndipo mwili wa mama huamua kwa kutumia akiba yake: mafuta yakitosha, mimba inaendelea, yasipotosha, inaishia hapo. Katika uchunguzi wa miaka mingi huko Ghuba ya Hudson, jike mwepesi kuliko wote aliyefanikiwa kuzaa alikuwa na kilo 189 wakati wa vuli.

Mwenye mimba huingia pangoni, mara nyingi ndani ya theluji iliyorundikana, na huzaa kati ya Novemba na Januari, kwa kawaida watoto 2. Kila mmoja ana takriban gramu 600, hana meno na hajafumbua macho. Mama hunyonyesha bila kula, na zaidi ya robo ya maziwa yake ni mafuta matupu, hadi watoto wanapofika kilo 10 hivi na kutoka Machi au Aprili. Kwa jike wa Ghuba ya Hudson mfungo huu, ukijumlishwa na wa kiangazi kilichotangulia, hufika miezi 8. Kisha hukaa nao miaka 2 na nusu akiwafundisha kuwinda. Kwa mwendo huo, jike mwenye bahati hulea watoto wachache mno maishani, na misimu miwili mibaya inayofuatana haifidiki haraka.

Mizani inaonyesha kinachoendelea. Katika kipindi cha miaka 37, wastani wa uzito wa majike wazima wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson ulipungua kwa kilo 39, na wa watoto wa mwaka mmoja kwa kilo 26. Mama mwembamba hutoa maziwa machache, tena yasiyo mazito; mtoto anaingia baharini akiwa mdogo; mdogo hufa kabla ya barafu nyingine.

Mbona kwingine wapo wengi?

Ubishi mwingi huzaliwa kwa kuwachukulia dubu wote kama kundi moja. Duniani wanakadiriwa kuwa 26,000 hivi, katika Kanada, Greenland, Urusi, Alaska ya Marekani na Norwei, na kwa miaka mingi wamekuwa wakihesabiwa kwa makundi 19. Kila kundi lina bahari yake na kalenda yake ya barafu.

Magharibi mwa Ghuba ya Hudson walikuwa karibu 1,200 mwaka 1987, wakawa 842 mwaka 2016 na 618 mwaka 2021. Kusini mwa Beaufort walipungua kwa takriban asilimia 40 kati ya 2001 na 2010. Lakini katika Bahari ya Chukchi, kati ya Alaska na Urusi, dubu walikuwa bado wanene na wanazaa vizuri ingawa barafu ilipungua sana, kwa sababu bahari hiyo ni ya kina kifupi na yenye rutuba nyingi: masika moja hujaza akiba ya kutosha. Kane Basin, kati ya Kanada na Greenland, hali ilikuwa bora kuliko zamani. Huko barafu ilikuwa nene mno kiasi cha sili kuikwepa; ilipopungua, sili wakaongezeka. Nafuu hiyo ni ya njiani. Barafu inayoendelea kukonda itapita kiwango kinachofaa na kufika kile cha Hudson.

Kusini mashariki mwa Greenland kuna kundi dogo la mamia machache, lililoelezwa mwaka 2022, ambalo huishi mahali pasipo na barafu ya bahari kwa zaidi ya siku 250 kwa mwaka. Huwinda juu ya mapande ya barafu ya maji matamu yanayodondoka kutoka kwenye barafuto, yaani mito ya barafu ya nchi kavu. Baadhi ya watu wamelishika kama ushahidi kwamba dubu watazoea. Mapande hayo yanapatikana kwenye sehemu chache za Aktiki, na dubu hao ni wadogo na huzaa kwa nadra. Hapo ni kimbilio la wachache, 26,000 hawaenei.

Na ile hoja kwamba walikuwa 5,000 miaka ya 1960 na sasa wameongezeka mara tano? Tarakimu ya wakati ule ilikuwa ya kukisia, maana hakuna aliyekuwa amefanya hesabu ya eneo zima. Hata leo kuhesabu ni kugumu. Watafiti huruka kwa helikopta juu ya mnyama mweupe kwenye nchi nyeupe, au humpiga kimshale kinachorudi na kipande cha ngozi kwa ajili ya vinasaba. Ukosi wa setilaiti huvaliwa na majike tu, kwa sababu shingo ya dume ni nene kuliko kichwa na ukosi humchomoka. Ile 618 ya Hudson inaweza kuwa 385 au 852. Kilicho wazi ni kwamba baadhi ya makundi yaliongezeka kweli baada ya uwindaji wa kiholela kukomeshwa, na hilo linatuleta kwenye uhifadhi.

Sheria zinavyofika na zinapoishia

Umoja wa Kisovieti ulipiga marufuku kuwinda dubu barafu mwaka 1956. Mwaka 1973, jijini Oslo, nchi 5 zenye dubu hao zilitia saini mkataba uliozuia kuwawinda kwa ndege na meli kubwa, huku ukiruhusu wenyeji kuendelea na uwindaji wao wa asili. Ulianza kutumika mwaka 1976, katikati ya Vita Baridi, na ulifanya kazi. Huko Kanada, wanakoishi takriban theluthi mbili ya dubu wote, sehemu kubwa ya uwindaji ni wa Wainuit, wenyeji wa Aktiki, na hufuata mgawo wa kila kundi. Mgawo uliopangwa vizuri haumalizi dubu. Nawasihi wanaotaka kuwabebesha wawindaji wa kijijini lawama ya kuyeyuka kwa bahari wazitazame tena tarakimu za uzito hapo juu.

Kazi za karibu zipo, na zinaokoa dubu na watu. Dubu mwenye njaa hufuata harufu. Kati ya mwaka 1870 na 2014 kulirekodiwa mashambulizi 73 ya dubu barafu wa porini, yaliyoua watu 20, na wengi wa dubu hao walikuwa wamekonda. Februari 2019 makazi ya Belushya Guba, kwenye visiwa vya Novaya Zemlya vya Urusi, yalitangaza hali ya dharura baada ya dubu wapatao 50 kukusanyika. Mji wa Churchill, Kanada, umefunga jalala la wazi na kuweka zamu za doria. Dubu msumbufu hufungiwa katika jengo maalumu, akapewa maji bila chakula ili asijifunze kuwa mji unalisha, kisha hubebwa kwa helikopta hadi mbali. Huko Alaska, shughuli za mafuta hutakiwa kukaa km 1.6 kutoka kwenye pango linalojulikana. Tatizo ni neno hilo "linalojulikana": kamera za joto zinazofungwa kwenye ndege zimekuwa zikikosa zaidi ya nusu ya mapango, kwani theluji nene huficha joto la mama. Akishtuliwa akatoka mapema, watoto hutoka kabla ya kukomaa.

Kuwalisha porini hakufai. Mamia ya wanyama wanaounguza kilokalori 12,000 kwa siku wangehitaji tani kwa tani za mafuta ya sili kila mwezi, na wangejifunza kumfuata binadamu. Kuwahamishia Antaktika ni wazo baya zaidi: pengwini na sili wa huko hawajawahi kuishi na mwindaji wa aina hiyo juu ya barafu.

Inabaki barafu yenyewe. Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia, na eneo la barafu la mwezi Septemba limekuwa likipungua kwa takriban asilimia 12 kila muongo. Barafu ya bahari hurudisha angani asilimia 50 hadi 70 ya mwanga wa jua. Bahari tupu hurudisha asilimia 6 hivi, inayobaki inakuwa joto. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa barafu ya kiangazi haina ukingo ambao ukishavukwa haina kurudi. Hupungua sambamba na joto, na joto likizuiwa kupanda nayo husimama.

Kwa hiyo siku za njaa zinaweza kuhesabiwa dhidi ya gesijoto. Bahari ya Chukchi ilikuwa na takriban siku 12 za mfungo mwaka 1979, na siku 137 mwaka 2020. Kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa mwaka 2023, kila tani bilioni 14 hivi za gesijoto huongeza siku moja. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 50 kwa mwaka. Kwa dubu wa Chukchi, hao ambao bado wana afya, hizo ni siku 3 au 4 zaidi bila chakula kila mwaka, kwa kilo moja kila siku.